Mamamoo kwa Masikio ya Kiunguja

Mamamoo, kundi la waimbaji wanawake la Korea Kusini, wako jukwaani tangu Juni 2014, mimi nimewajua juzi juzi tu, na wala sioni kama nimepitwa. Kundi likishatimiza miaka kumi, zile kelele za mwanzo zimeshapoa. Hakuna anayekushikia bango umpende nani. Unabaki wewe na sauti zao. Na hawa wana sauti, jamani!

Aliyenionesha ni mtoto wa dada yangu, tumo ndani ya daladala la Fuoni, kila mtu na upande mmoja wa waya wa masikioni. Hakunipa video ya kucheza, alinipa ya jukwaani, maiki mkononi. Wako wanne. Solar anapanda juu mpaka unasema hapa sasa itakatika, na haikatiki. Wheein anaingia chini yake taratibu, laini kabisa, kisha Hwasa anaipokea na ile sauti yake nzito yenye mkwaruzo. Moonbyul anashuka na rapu. Mwishoni wakabadilisha maneno ya wimbo wao wenyewe papo hapo, wakaangaliana, wakacheka, na mdundo haukuwaacha hata kidogo. Mtu aliyekulia kwenye taarabu anajua maana yake: vile hufanyi kama wimbo haujakukaa kifuani.

Watu wananiuliza, unasikiliza nini na Kikorea hukijui? Swali hilo nikiulizwa na mtu wa Unguja nashangaa kwelikweli. Si wazee wetu hawa hawa waliokuwa wakijaa kwenye majumba ya sinema ya Majestic na Cine Afrique, wakitoka wanaimba nyimbo za Kihindi mwanzo mpaka mwisho? Na taarabu yenyewe si ilianza kwetu ikiimbwa Kiarabu? Watu walikaa, wakasikiliza, wakatunza. Masikio yetu yameshazoea kupokea sauti kwanza, maneno yakafuata baadaye kama yakitaka.

Lakini kilichonikamata kabisa ni habari ya Hwasa. Ameshaeleza kwamba kabla hajawa mtu wa jukwaani aliambiwa anaimba vizuri, ila ni mnene na sura hana. Jibu lake likawa kwamba kama hafikii kipimo cha uzuri cha wakati huu, basi atakuwa yeye kipimo kingine. Niliposikia hayo, moja kwa moja nikamkumbuka Siti binti Saad. Katoka Fumba, kaja mjini, wakamcheka sura na kaniki zake, wakamsema kwamba lau si sauti angekula nini. Naye akawajibu kwa kuimba: uzuri si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Kwa hiyo msituambie kwamba haya ni mambo ya wageni yasiyotuhusu. Mwanamke anayedharauliwa umbo akawanyamazisha kwa koo lake, sisi tunamjua tangu zamani.

Jambo jengine ninalowaheshimia ni kukaa pamoja. Wheein na Hwasa ni marafiki tangu skuli, huko Jeonju. Mwaka 2021 Wheein aliihama kampuni iliyowatoa, Hwasa naye akaihama 2023, na bado hakuna kati ya wanne aliyesema kundi si lake tena. Waliojaribu kuendesha kikundi cha muziki hapa kwetu wanajua kazi ya hilo.

Si kila walichotoa nakipenda sawasawa. HIP ya 2019 imewaletea mashabiki wengi, na kwenye arusi inachezeka, ila kwangu inapita haraka, sauti hazipati nafasi ya kupumua. Starry Night na Egotistic, zote za 2018, hizo ndizo nazirudia mpaka bando linakwisha. Ile ya pili ina gitaa la Kihispania ambalo mpigaji udi yeyote wa hapa akilisikia atageuza shingo.

Anayetaka kuanza aziwache kwanza video rasmi, atafute za jukwaani, avae kitu kizuri masikioni, amsikilize Wheein pale wenzake wanapopaza. Mtoto wa dada yangu anasema hapana, wa kusikilizwa ni Moonbyul. Tumeshindana kuanzia Darajani mpaka Fuoni na hakuna aliyekubali.