Draivu ikijizima mashine inapofunga breki: turefushe muda au tusake kasoro?

Kwenye viwanda vya sukari vya upande wa Muhoroni na Chemelil, ubishi huu hauishi. Kila mashine inapopunguza kasi, draivu ya mota, yaani kifaa cha umeme kinachoongoza kasi yake, inajizima na kioo chake kinasema volti zimezidi. Msimamizi wa shifti anataka muda wa kupunguza kasi urefushwe kwenye mipangilio, kazi iendelee. Fundi wa umeme anataka mashine isimame apime rezista ya breki, ile inayogeuza umeme wa ziada wa breki kuwa joto.

Nianze na msimamizi, kwa sababu mafundi wenzangu humpuuza haraka mno. Mota inayopunguzwa kasi huku mzigo ukiizungusha hugeuka jenereta. Umeme wake unaingia ndani ya draivu, lakini diodi za mlangoni hupitisha upande mmoja tu, kwa hiyo hauwezi kurudi kwenye laini. Unarundikana kwenye kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji ndani ya draivu. Kwa umeme wetu wa volti 415, kapasita hizo hukaa kwenye volti 587 hivi za DC (umeme wa mkondo mmoja), na draivu nyingi za aina hiyo hujizima zikifika 800 na ushee. Ukirefusha muda, nishati inarudi polepole na sehemu kubwa inamezwa na msuguano na mota yenyewe. Kwa feni ya boila hiyo ni tiba kamili. Feni ichukue dakika mbili kusimama, nani amepoteza nini?

Sentrifuji ni habari nyingine. Pipa hilo zito huzungushwa kwa kasi hadi molasi itoke, kisha lipunguzwe kasi sukari ikwanguliwe, lianze tena. Mzunguko ukiwa wa sekunde 180, unapata mapipa 20 kwa saa. Ongeza sekunde 30 za breki, umebaki na 17, na matrekta ya miwa yamepanga foleni langoni miwa ikizidi kukauka.

Swali linaloamua, kwa maoni yangu, ni moja: mashine hii iliwahi kusimama vizuri kwa muda ule ule? Kama ndiyo, na mzigo haujabadilika, basi kuna kitu kimekufa, na kurefusha muda ni kukificha. Tazama volti za DC kwenye kioo wakati wa breki. Zikipanda hadi 760 hivi zikashikilia hapo, rezista inafanya kazi. Zikipita moja kwa moja hadi draivu ijizime, rezista haipokei umeme. Zima, funga swichi kwa kufuli, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kava, kisha hakikisha kwa mita kuwa kapasita zimeisha chaji. Hapo ndipo unafungua waya na kupima omu, yaani ukinzani wa rezista. Kibandiko kinasema 50 na mita haisomi chochote, yaani njia imekatika? Umeipata. Rezista ikiwa nzima, kagua mipangilio: draivu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, kinga ya volti kuzidi huenda imejiwasha, na draivu nyingi hutaka izimwe pale penye rezista. Na rezista ikiwa ya moto wakati mashine imesimama, kata umeme mara moja. Swichi ya breki ndani ya draivu, ile inayoipelekea rezista umeme, imepiga shoti na haifunguki, na moto unaweza kuzuka.

Naomba sana, msifunge rezista yoyote iliyopatikana stoo. Omu zikiwa chini ya kiwango cha draivu, mkondo unapanda na swichi hiyo inaungua. Hata ile sahihi ya omu 50, kwa volti 750, humeza kilowati 11 kwa mpigo.

Kwa hiyo nakubali muda urefushwe kumalizia shifti, mradi thamani ya zamani iandikwe kwenye mlango wa paneli na irudishwe rezista mpya ikifika. Kwenye kreni ya kupakulia miwa sikubali hata kwa saa moja. Mzigo unaoteremka hurudisha umeme muda wote, hata kasi ikiwa ile ile, kwa hiyo hakuna muda wa kurefusha. Draivu ikijizima hapo, tani zote zile zinabaki zimeshikwa na breki ya chuma peke yake, na watu wako chini.