Kabla ya Tuzo, Wapeni Nyasi

Vikapu vya Wagullah wa South Carolina, Marekani, vinasifiwa na kila mtu. Makumbusho yanavinunua, watalii wanavipiga picha, na mwaka 2006 jimbo lilivitangaza kuwa kazi yake rasmi ya mikono. Navipenda mno, na kwa sababu hiyo sifa hizi zinanikera: mshonaji huyo huyo anayesifiwa ndiye aliyefungiwa njia ya kwenda kuchuma nyasi za kuvishonea.

Wagullah ni uzao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kwenye mashamba ya mpunga ya pwani ile, wengi wao wakitoka Afrika Magharibi na Angola. Walikwenda na ujuzi wao. Vikapu vya mwanzo vilikuwa nyungo pana za kupepetea mpunga, zilizoshonwa kwa manyasi magumu ya kwenye vinamasi vya maji chumvi. Mji wa Charleston, kwenye pwani hiyo, ulitajirika kwa mpunga ule, na waliokuwa wakiupepeta hawakulipwa hata senti.

Kazi yenyewe haifanani na ukili wetu wa miyaa. Kikapu hiki kinashonwa. Mshonaji anafunga fundo la nyasi au la majani ya msonobari, ndicho kitovu cha kikapu. Kisha anashika tita jembamba la nyasi, analizungusha kulizunguka lile fundo, na kila mzunguko anaubana kwenye uliotangulia kwa chane nyembamba za palmeto, mti wa jamii ya mikindu. Chombo chake ni kimoja tu: mpini wa kijiko uliovunjwa na kunolewa ncha, zamani ulitumika ubavu wa ng'ombe. Anatoboa, anapenyeza chane, anavuta mpaka ikaze. Tita likianza kukonda analiongezea nyasi, na ukiangalia kwa nje huoni zilipoungiwa. Anayevijua vikapu vya Uganda na Rwanda ataitambua njia hii mara moja.

Kinachonivutia zaidi ni msonobari. Ule wa huko una majani marefu membamba, mengine yanazidi sentimita 30, na yakikauka yanakuwa na rangi ya kahawia iliyoiva. Mshonaji anaingiza mizunguko michache ya kahawia kati ya nyasi za rangi ya majani mabichi, ambazo nazo zikizeeka zinageuka dhahabu. Rangi ya dukani haihitajiki hata tone. Siku hizi wapo wanaoshona vikapu vya msonobari kama burudani, wakianzia kwenye kipande cha jiwe la akiki kilichotobolewa pembezoni. Vinapendeza, sikatai. Ila mimi huwa nakigeuza kikapu kwanza nitazame fundo, maana hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana, na jiwe linaniondolea furaha hiyo.

Sasa nyasi. Wenyewe wanaziita nyasi tamu, kwa harufu yake ya majani makavu. Zinaota nyuma ya matuta ya mchanga, karibu na bahari. Mchumaji anakanyaga shina kwa mguu ili mizizi isitoke, halafu anavuta majani kwa mkono. Hakati, na shina linabaki hai likichipua tena. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba wachumaji ndio waliomaliza nyasi. Zilizozimaliza ni nyumba za kifahari, viwanja vya gofu na mageti yenye walinzi, vilivyoanza kuijaza pwani ile na visiwa vyake, Hilton Head na Kiawah vikiwemo, tangu katikati ya karne iliyopita. Pale zilipobaki, mara nyingi zimo ndani ya uzio. Baadhi ya washonaji sasa wanasafiri hadi Georgia na Florida kuzitafuta, au wananunua kwa wachuuzi kile ambacho bibi zao walikichuma bure. Mtu wa pwani yetu aliyewahi kuona njia ya kwenda ufukweni ikizibwa kwa ukuta ataelewa uchungu huo.

Halafu mnunuzi anasimama kwenye vibanda vya kando ya barabara kuu namba 17, pale Mount Pleasant, mji jirani na Charleston, ambako akina mama wamekuwa wakiuza tangu miaka ya 1930, anauliza bei, anashtuka. Kikapu kimoja kinaweza kula majuma kadhaa ya kazi, na kabla ya hapo kuna safari ya nyasi. Dola mia kadhaa si ghali.

Mwaka 2008 Mary Jackson, aliyefundishwa kushona na mama na bibi yake tangu utotoni, alipewa tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani kwa watu wenye ubunifu wa kipekee. Aliistahili kabisa. Yeye mwenyewe amepigania nyasi hizi kwa miaka mingi, na ningefurahi kama wanaompigia makofi wangelishika hilo la nyasi kwa nguvu ile ile.

Wapo wenye mashamba wanaoruhusu watu kuingia kuvuna, na nawashukuru. Lakini ruhusa ya mdomo inaisha siku shamba likiuzwa. Jimbo linaloringia vikapu hivi liandike haki ya kuvuna kwenye hati ya ardhi, kila linapoidhinisha ujenzi mpya pale nyasi zinapoota, ili atakayenunua kesho akute mchumaji ana njia yake ya kupita.