Pikipiki ya Kwenda Kazini Isipimwe kwa Kipimo cha Bodaboda

Hapa Mwanza ukitamka tu kwamba unataka kununua pikipiki, umeshajibiwa: chukua Boxer. Atakuambia jirani, atakuambia fundi, atakuambia na kijana wa kijiweni Buzuruga ambaye hukumuuliza. Ukidadisi ni Boxer ipi, ni ile ya cc 150, yaani ukubwa wa injini. Pikipiki hiyo naiheshimu sana, lakini naona ushauri huu unawauzia watu wengi chombo kisichowafaa. Kwa mtu anayetoka Kisesa au Buhongwa asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi jioni, peke yake, mara moja moja na mwenzake nyuma, mimi nasema achukue cc 125. Na katika hizo 125 ningeanza na TVS HLX.

Tuangalie kwanza ushauri wa 150 unatoka kwa nani. Unatoka kwa watu wa bodaboda, na wao wanajua wanachosema. Kijana anayebeba dagaa kutoka mwaloni wa Kirumba, kule kwenye soko la samaki, anayepakia mshikaki, abiria wawili au zaidi kwa mpigo, usiku askari wakishaondoka barabarani, anayedaiwa hesabu na bosi kila jioni, huyo injini kubwa inamlipa. Mzigo ndio mshahara wake. Wewe mwalimu, wewe muuguzi, wewe karani wa duka, pikipiki haikulipi kwa uzito inaobeba. Inakulipa kwa kukufikisha kwa wakati bila kukusumbua, tena kwa miaka mingi.

Hoja inayorudiwa zaidi ni ya milima. "125 haipandi Bugando." Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba niliamua kupiga hesabu. Boxer 150 ina injini ya cc 144.8 na nguvu za farasi kama 12. HLX 125 ina cc 124.5 na nguvu kama 11. Sisi tunaishi juu: uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Hasara hiyo inazikuta zote mbili. Tuseme basi ile 125 imebakiwa na nguvu kumi. Dereva wa kilo 75 juu ya pikipiki ya kilo 115, kwenye mlima unaopanda mita 10 kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, anahitaji nguvu za farasi nne hivi. Akimpakia mtu wa uzito kama wake, zinafika sita. Kwa hiyo inapanda, na akiba inabaki.

Kweli, 150 inapanda kwa utulivu zaidi. Unaiacha kwenye gia ya juu kidogo na inavuta, wakati 125 inakutaka ushushe gia mapema na kuiacha injini ipige kelele. Ukiwa na gunia nyuma tofauti hiyo utaisikia wazi. Ukiwa na begi la kazini tu, ni suala la mkono kuzoea.

Mafuta nayo yanabishaniwa kuliko yanavyostahili. Tuseme moja inakupa kilomita 40 kwa lita na nyingine 50, na wewe unatembea kilomita 35 kwa siku, siku 26 za mwezi. Tofauti haifiki lita 5. Ni hela, siikatai, ila haitoshi kuamua ununue ipi.

Mpwa wangu ni mwalimu, anakaa Kisesa, shule yake iko upande wa Nyakato. Alikuja kwangu akiwa ameshashawishiwa 150.

"Mjomba, mume wangu anasema 125 itashindwa kubeba mahindi kutoka shambani."

"Mnayabeba lini?"

"Wakati wa mavuno tu."

"Basi mahindi yapande kirikuu, mama. Wewe nunua pikipiki ya siku zote zilizobaki."

Nilimwambia hivyo kwa sababu naona watu wanachagua chombo kwa ajili ya siku mbili tatu za mwaka, halafu wanaishi na uchaguzi huo kila asubuhi. Nikamwambia pia aende dukani na viatu anavyovaa kazini, akae juu ya kila moja, aone kama nyayo zote mbili zinakanyaga chini vizuri, kisha aisukume kurudi nyuma akiwa amekaa. Mtu asiyeweza kuirudisha pikipiki nyuma kwa miguu yake atateseka kwenye foleni ya Igoma, na atateseka zaidi akiegesha kwenye mteremko.

Wapo wanaoniambia TVS ni ngeni, Boxer ndiyo iliyokomaa. Zote ni za Kihindi, na zote zimetoka kwa watu waliojifunza kazi kwa Wajapani: Bajaj wa Pune, wenye Boxer, walishirikiana na Kawasaki, TVS wa Hosur walikuwa na Suzuki hadi walipoachana mwaka 2001. Sioni mgeni hapo.

Pale Boxer inaposhinda bila ubishi ni kwenye kuuza. Ukiitangaza Ijumaa, Jumapili una mnunuzi. Lakini sifa hiyo ina upande wa pili ambao mnunuzi wa mtumba haambiwi. Boxer 150 iliyotumika, hapa mjini, uwezekano mkubwa ni bodaboda iliyomaliza mkataba. Imepigwa kazi mchana na usiku, imepokezana madereva, imefutwa na kubandikwa stika mpya. Ukiiendea, nenda asubuhi na uiguse injini kwanza. Ikiwa ya moto, mwenye nayo ameiwasha kabla hujafika, na huenda kuna jambo hataki ulione. Iwake ikiwa baridi, kwa kiki. Moshi wa bluu maana yake inakula oili: ringi, au sili za valvu. Inyanyue tairi ya mbele, zungusha usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tazama meno ya spoketi ya nyuma kama yamechongoka. Halafu linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na jina la kwenye kadi liwe la mtu unayempa hela. Yakikosekana haya mawili ya mwisho, ondoka hata kama bei inakuita.

Ukichukua 125, chochote utakachookoa usikipeleke kwenye redio na taa za rangi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe, na mvua ikinyesha, vuli au masika, maji yanashusha mchanga na changarawe kutoka vilimani hadi kwenye lami. Pale Mabatini na Igogo unaweza kuacha lami safi asubuhi na jioni ukaikuta imetandazwa kokoto. Hapo tairi zenye kashata (yale meno ya tairi) nzima na breki shuu nzima ndizo zitakazokurudisha nyumbani. Cc 20 hivi za ziada hazitakusaidia chochote. Nunua na helmeti mbili zinazofunga vizuri kidevuni, maana abiria naye ana kichwa, na ile helmeti ya kuvaa bila kufunga kamba ni kofia tu.

Yuko mtu mmoja ambaye nitamwambia achukue 150 bila kusita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko ndipo afike upande wa pili, na safari ambayo zamani ilikatwa katikati na foleni ya feri sasa ni mwendo mrefu wa lami mfululizo. Anayeifanya mara kwa mara, tena na mzigo, injini kubwa itachoka polepole zaidi, na juu ya lile daraja la kilomita 3 upepo wa ziwa ukikupiga ubavuni utashukuru kuwa na nguvu ya akiba. Vivyo hivyo anayeleta samaki mjini kutoka Kayenze.

Kwa wengine wote, kabla hujalipa, nenda kwa fundi aliye karibu na nyumbani kwako, sio yule maarufu wa mjini. Muulize vitu vitatu: waya wa klachi, breki shuu, seti ya cheni na spoketi. Muulize vya HLX 125, kisha vya Boxer, na umwambie akuonyeshe. Usikubali jibu la "vinapatikana". Kama anavyo vya Boxer tu na vya TVS lazima aagize mjini, nunua Boxer, na hesabu zangu zote za mlima ziache hapa.