Usiache kutibu tumbo kwa kuogopa pumu

Nimekulia kwenye nyumba yenye pumu. Naijua milio ile ya kifua usiku wa manane: mtoto ameketi wima, mabega yanapanda na kushuka, mkono unapapasa pampu chini ya mto. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu akimshauri mwenye vidonda vya tumbo aache dawa, eti bakteria wa tumboni anayesababisha vidonda hivyo, Helicobacter pylori, anazuia pumu.

Maneno hayo hayakuanza hewani. Mwaka 2007 na 2008, watafiti Yu Chen na Martin Blaser walichambua takwimu za afya za Marekani wakaona kwamba wenye bakteria huyo hawakuwa na pumu ya utotoni kwa wingi kama wasio naye. Mwaka 2011, watafiti wa Zurich, Uswisi, wakiongozwa na Anne Müller waliambukiza panya wachanga bakteria huyo, na panya hao wakakingika na pumu ya mzio. Walioambukizwa wakiwa wakubwa hawakukingika vizuri hivyo. Bakteria huyu, ili asifukuzwe, huituliza kinga ya mwili: huzidisha chembe zinazozuia kinga isichachamae ovyo, na utulivu huo hufika hadi mapafuni.

Mimi huo utafiti nauheshimu sana. Lakini panya si mtoto, na kwa binadamu tafiti nyingine hazikuona uhusiano wowote. Isitoshe, bakteria huyu huambukizwa zaidi utotoni, kwenye nyumba zenye watu wengi, watoto wakilala kitanda kimoja na kuambukizana kila kijidudu. Utajuaje kilichomkinga mtoto ni huyu na si wale wengine?

Na mgeni mwenyewe si mwema. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kwa makusudi mchuzi uliojaa bakteria hawa, aone kama wanadhuru tumbo. Baada ya siku chache akawa anatapika, na kipimo kikaonyesha tumbo limevimba kwa ndani. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, lilimweka bakteria huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Mwenye kidonda atibiwe, amalize dozi.

Ila mtoto asiye na shida ya tumbo, anayekohoa tu, sioni kwa nini asakwe bakteria kisha amezeshwe antibiotiki za aina mbili. Kifua chake kina matibabu yake. Apewe hayo, mapema, na afundishwe kuvuta pampu sawasawa.