Hajati mmoja, kompyuta ikaona watatu

Nimetoka kwenye kikao cha kugawana akiba hapa Kampala na hasira yangu hata chai imenishinda. Kwenye chama chetu kila mtu anaweka 20,000 kwa wiki, wiki 52, mtoto wa P4, darasa la nne, atakwambia hiyo ni 1,040,000. Sasa Hajati wetu wa vitenge anasomewa 620,000! Akasema, "Mwanangu, mimi sijaruka hata wiki moja." Mweka hazina bila kupepesa macho: "Hajati, kompyuta ndiyo inasema hivyo."

Eti kompyuta. Kwani kompyuta ndiyo ilikuwa inapokea hela?

Nikaivuta ile laptop. Wiki 31 kaandikwa Hajati, wiki 14 Hajjati, na 7 zilizobaki ni Hajati yuleyule ila mwishoni mtu kabonyeza nafasi tupu (space), jicho halioni kitu. Fomula ya Excel waliyoweka ni SUMIF, yenyewe inapita mistari yote inaokota ile yenye jina ulilolitaja inajumlisha hela zake, herufi kubwa au ndogo haijali, lakini nafasi moja ikizidi basi kwake huyo ni mtu mwingine kabisa. Na zile 420,000 zilikuwa zimelala tu kwenye kasha, kamati ikatutangazia ni "ziada" na tukapiga makofi, mimi nikiwemo, banange!

Jina si kitu cha kujumlishia hela, jamani. Leo anaandika katibu, kesho anaandika mdogo wake, kila mmoja na herufi zake. Mpe kila mwanachama namba, hela ikiingia andika namba, jina likae sehemu moja tu kwenye orodha ya wanachama. Halafu kabla ya kugawana, jumlisha jumla za watu wote uone kama zinalingana na kolamu nzima ya michango, zikipishana hata shilingi mia hatutoki hapo, pilau itasubiri.

Haya, nakubali, fomula ya TRIM ingefuta zile nafasi. Na ile j ya pili ingeifuta nani? Na wewe unayeandika 20,000/= ndani ya seli, Excel inaona hayo ni maneno, SUM, ile fomula ya kujumlisha, inayaruka kimyakimya, acha hiyo tabia.

Hajati kalipwa zake zote, kapewa namba 7. Akaniangalia: "Yaani sasa mnaniita namba kama mfungwa?"

Hapo sikuwa na jibu.