Kadi ya Njano Iliyovaa Koti la Mvua

Kazi yangu kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha ni makaratasi. Madereva wanajua simba kalala wapi. Mimi najua nani atakwama mpakani. Mgeni akishalipa namtumia barua ya chanjo yenye vipengele vinane, na kwa kiburi changu niliamini kwamba barua ile haina hata pa kupenyeza sindano.

Kipengele cha kwanza ndicho kinachowachanganya wengi. Mgeni akipanda ndege Amsterdam akashuka Kilimanjaro moja kwa moja, hadaiwi kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mgeni huyohuyo akilala siku mbili Nairobi halafu akaingia Tanzania kwa barabara, anadaiwa, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya maambukizi. Hata kupitia tu kunahesabiwa: ukisubiri ndege ya kuunganisha pale Addis Ababa zaidi ya saa 12, andaa kadi.

Safari hiyo nilikuwa na wageni sita walioshukia Nairobi. Nikaenda kuwachukua, tukarudi kwa basi dogo kupitia Namanga. Tulipopita Kitengela nikasimama katikati ya viti kama konda, nikaanza ukaguzi. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwezi wa chanjo umeandikwa kwa herufi, maana 4/3 kwa Mzungu wa Ulaya ni Machi na kwa Mmarekani ni Aprili. Jina la chanjo, mtengenezaji, namba ya toleo. Saini ya mtaalamu kwa mkono wake, na muhuri wa kituo. Kijana mmoja wa Kidachi alichanjwa tarehe 3, na siku hiyo ilikuwa tarehe 14. Nikamhesabia kwa vidole: kadi huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo ya kwake ilikuwa na umri wa siku moja. Lakini hakuwa ameisaini.

"Kadi isiyosainiwa na mwenyewe ni karatasi tu!" nikamfokea, basi zima likasikia. Akasaini palepale tukiwa tunaruka matuta, saini ikatoka kama ramani ya Bonde la Ufa.

Bibi mmoja wa miaka 71, mwalimu mstaafu, hakuchanjwa kabisa. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtu anayechanjwa mara ya kwanza akiwa amevuka 60 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata madhara makali, japo ni nadra. Daktari wake alimwandikia barua ya msamaha wa chanjo, yenye saini na muhuri. Nilimwonya asiiweke kwenye begi la juu ya basi, na kwamba uamuzi ni wa afisa.

Namanga, dawati la afya unakutana nalo kabla ya uhamiaji. Afisa alikuwa dada mtaratibu, miwani puani, haraka hana. Kijana wa Kidachi akapita na Bonde lake la Ufa. Bibi barua yake ikasomwa mpaka nukta ya mwisho, akaambiwa ajipake dawa ya mbu hata mchana kwa kuwa mbu wa ugonjwa huu huuma mchana, akapita.

"Na wewe, kaka."

Nikatoa yangu kwa mbwembwe. Wiki moja kabla nilikuwa nimeipeleka kwa kijana wa steshenari aipige laminesheni, yaani aifunike kwa plastiki, maana jasho na mvua vilishaanza kuila. Ilikuwa inang'aa kama leseni ya rubani.

Dada akaigeuza mbele. Akaigeuza nyuma. Akajaribu kuifungua kwa kucha.

"Fungua."

Nikajaribu. Ndipo nikakumbuka kwamba kijana aliniuliza, "Nipige hivihivi, bosi?" na mimi, huku nikiongea na simu, nikajibu, "Piga." Kadi ya njano ni kijitabu. Kijana alikipiga kikiwa kimefungwa. Maandishi yote yanayonihusu yalikuwa ndani, salama salimini, hayafikiki na binadamu yeyote.

"Hapa naona jalada tu," dada akasema. "Kila mtu ana jalada."

Nikamuuliza itakuwaje. Akanieleza kile ninachowaelezaga wengine, kwamba asiye na cheti halali anaweza kuwekwa chini ya uangalizi hadi siku 6, ambao ndio muda mrefu zaidi ambao ugonjwa hukaa mwilini kabla ya kujitokeza. Na akinichanja upya, kadi mpya itanisubirisha siku 10. Wageni wangu walishaingia Tanzania. Mtanzania nimebaki nje.

Dada ndiye aliyegundua njia. Mashine ile huyeyusha gundi ya plastiki, na gundi hushika inachokigusa: majalada mawili ya nje, na ile pindo ambapo plastiki inakutana na plastiki. Kurasa za ndani hazikuguswa. Ukikata pindo pande tatu ukaacha mgongo, kijitabu kinafunguka.

"Kata mwenyewe. Mimi sikati cheti cha mtu."

Bibi akarudi na mkasi wake wa kucha. Yule kijana alikuwa ameacha pindo la milimita kama 3 tu, kwa hiyo nilikata huku ulimi umenitoka nje, nikakata na ukingo wa karatasi upana wa punje ya mchele. Muhuri ulinusurika kwa unywele.

Kikafunguka. Bibi akachungulia begani kwangu. "Imekwisha! Imeandikwa mwisho 2024!"

Mimi na dada tukamjibu kwa pamoja kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hiki ni cha maisha, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10, na hakuna haja ya kuvibadilisha. Heshima yangu ikaanza kurudi. Ilidumu mpaka kidole cha dada kilipopanda juu ya ukurasa, penye mstari wa saini ya mwenye cheti.

Mstari ulikuwa mweupe. Miaka yote hiyo.

Kijana wa Kidachi, aliyekuwa amesogea kushuhudia, akanipa kalamu yake. "Kadi isiyosainiwa na mwenyewe," akasema polepole, neno kwa neno, "ni karatasi tu."

Nikasaini, dada akalinganisha na pasipoti, akanipisha bila kucheka, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Ndani ya basi bibi aliomba nakala ya barua yangu. Akaisoma yote, akatoa kalamu nyekundu, na chini ya kipengele cha nane akaongeza cha tisa: usiipige laminesheni. Hadi leo nakituma hivyohivyo, na wageni wakiuliza sababu nawaambia ndiyo kanuni.