Parokia Zetu na Familia Zisizoenea Kwenye Fomu

Katika parokia nyingi za Dar es Salaam imezoeleka kusemwa kwamba kinachozitenga na Kanisa familia zilizo nje ya utaratibu wa kawaida ni mafundisho ya Kanisa yenyewe, na kwa kuwa mafundisho hayo hayabadilishwi na paroko wala halmashauri ya walei, basi hakuna la kufanya ila kusubiri watu wajirekebishe. Mimi sioni hivyo. Katika muda ambao nimekuwa kwenye uongozi wa jumuiya, yaani kikundi cha familia jirani zinazosali pamoja, familia nilizoziona zikirudi nyuma hazikurudishwa na Roma. Zilirudishwa na fomu, na barua ya mwenyekiti, na kadi ya michango, na pengine na ulimi wa mtu aliyeketi nyuma ya meza ofisini. Na vitu hivyo vyote vimo mikononi mwetu wenyewe.

Jiji hili, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, ni jiji la wapangaji na wahamiaji. Katika nyumba moja ya vyumba vya kupanga huko Mbagala au Manzese unaweza kumkuta bibi anayelea wajukuu ambao mama yao anafanya kazi mbali, binti anayesomesha wadogo zake baada ya wazazi kufariki, mama aliyeachwa na mimba, Mkatoliki na Mwislamu waliooana bomani, na wawili ambao wamezaa na kulea pamoja kwa miaka mingi katika kile tunachokiita, bila huruma sana, uchumba sugu. Hao si watu wa pembeni. Nadhani wakiambiwa wote wabaki nyumbani Jumapili moja, wahudumu wa misa ya pili hawatapata kazi ya kutafutia watu nafasi za kukaa.

Tuanze na ubatizo, kwa sababu hapo ndipo familia changa hukutana na ofisi ya parokia kwa mara ya kwanza. Mama anayelea mtoto peke yake akifika, huulizwa cheti cha ndoa, kisha huulizwa baba yuko wapi, na swali la tatu huulizwa kwa macho tu. Wapo wanaoambiwa wamlete mtoto atakapokuwa mkubwa wa kuhudhuria mafundisho mwenyewe, kana kwamba mtoto ndiye anayetumikia adhabu. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 868, inataka mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe kihalali: kwanza, mzazi mmoja walau, au yule anayeshika kihalali nafasi ya wazazi, aridhie, pili, liwepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo lisipokuwepo kabisa, ubatizo huahirishwa na wazazi huelezwa sababu. Cheti cha ndoa hakimo katika kanuni hiyo, na bibi wa Mbagala yumo. Hata rejista haina tatizo, maana kanuni ya 877 imeshaeleza namna ya kumwandika mtoto ambaye mama yake hajaolewa na baba yake hajathibitishwa: nafasi ya baba huachwa wazi, na ubatizo unabaki ubatizo kamili.

Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alibatiza watoto 32, na miongoni mwao alikuwemo mtoto wa mama asiyeolewa na mtoto wa wazazi waliokuwa wamefunga ndoa ya kiserikali tu. Sikumbuki kusikia kwamba ndoa Katoliki zilivunjika kwa sababu hiyo.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linahusu kitu ninachokipenda. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana katika mikutano ya AMECEA, shirikisho la mabaraza yao, ya 1973 na 1976 kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi zetu, na kwa kweli sijui Kanisa la Dar es Salaam lingekuwaje bila jumuiya hizo. Humo ndimo mgonjwa hujulikana kwamba anaumwa, humo ndimo mjane hupelekewa unga na mafuta bila tangazo. Tatizo limekuja pale jumuiya, iliyoanzishwa ili mtu asipotee, ilipogeuzwa kuwa kizuizi cha barabarani. Ili mtoto aandikishwe kipaimara inatakiwa barua ya jumuiya. Ili barua itoke linafunguliwa daftari. Na daftari linaonyesha mahudhurio na michango. Anayelinda lango la ghala usiku kucha, au muuguzi anayetoka zamu Jumamosi asubuhi wakati sisi tunasali rozari na kusoma Injili, anaonekana mtoro. Mpangaji aliyepandishiwa kodi akahama kutoka Magomeni kwenda Chanika anaanza kuhesabiwa upya kama mtu asiyewahi kusali popote. Na mama anayelea peke yake, ambaye sebule yake ndiyo chumba chake cha kulala, huona aibu jumuiya inapozunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yake ikikaribia, anaacha kuja. (Sitaki hata kuanza habari ya vitenge vya sare, ambavyo hubadilika kila sherehe na kumfanya asiyekinunua ajulikane tangu akiwa mlangoni.)

Linaloniuma kuliko yote ni mazishi. Hutokea familia yenye msiba ikaambiwa kwamba padri hatafika kwa sababu marehemu hakuwa akishiriki jumuiya au alikuwa na madeni ya michango, na hutokea viongozi wa walei wakalisema hilo kwa ujasiri mbele ya waombolezaji. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani kwa wazi, wazushi na wafarakano, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, na hata hao, wakiwa wameonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Anayedaiwa mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadri hayumo katika orodha hiyo.

Familia za dini mbili nazo zinastahili kutazamwa kwa jicho jingine, hasa katika mji wa pwani ambako mwenye nyumba, jirani na shemeji yako wanaweza kuwa Waislamu wote. Ndoa ya namna hiyo inahitaji kibali cha askofu, na hilo halina ubishi. Lakini kanuni ya 1125 inamtaka Mkatoliki ndiye atoe ahadi ya kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani yake. Mwenzake anajulishwa ahadi hiyo, wala hatakiwi kuahidi chochote juu ya malezi hayo. Katika mafundisho ya ndoa, hata hivyo, nimesikia mume Mwislamu akizungumziwa mbele yake kama mtu ambaye bado hajakata shauri tu. Mtu huyo huyo ndiye huwaleta watoto kwa pikipiki saa moja asubuhi na kuwasubiri nje hadi misa iishe. Hakuna kanuni inayokataza mtu kumtolea kiti na kumwamkia kwa jina.

Kuhusu uchumba sugu, nina hakika kwamba katika nyumba nyingi hautokani na dharau kwa sakramenti. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, huwadhania kuwa mke na mume watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo na jamii. Kwa majirani, basi, hawa wameshaoana. Kilichobaki ni mahari ambayo haijaisha na hofu ya kamati ya harusi. Wosia wa Baba Mtakatifu Fransisko wa 2016 kuhusu familia, Amoris Laetitia, katika aya ya 294 unalitaja hilo waziwazi: mahali pengine watu huishi pamoja bila ndoa kwa sababu sherehe inaonekana ghali mno. Kanisa, mbali na wawili hao kuwa huru na kuridhia, linataka paroko au anayemwakilisha pamoja na mashahidi wawili. Ukumbi, keki na magari yenye maua tumeyaongeza sisi. Zipo parokia ambazo hufungisha ndoa za pamoja katika misa ya kawaida, na ningependa jambo hilo litangazwe bila lile neno la kejeli ambalo mara nyingi huambatana na tangazo lenyewe.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu: kwamba tukilegeza, vijana hawataona sababu ya kufunga ndoa, na kwamba bila barua ya jumuiya paroko mwenye maelfu ya waamini hawezi kumjua tapeli na mwamini. Hoja ya pili ina uzito, na ndiyo maana sipendekezi barua ifutwe. Napendekeza ishuhudie kwamba mtu anajulikana, isitumike kukusanyia madeni. Ya kwanza siikubali. Kijana hajifunzi kuheshimu ndoa kwa kumwona mama yake akifokewa ofisini, na kumbatiza mtoto hakujawahi kuwa tamko juu ya hali ya wazazi wake.

Kila mwaka tunaendesha semina za wanakwaya, za WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), za wasomaji na za wahudumu wa mlangoni, lakini karani wa ofisi na wenyeviti wa jumuiya, ambao ndio familia hizi hukutana nao kabla ya kumwona padri, huachwa wajifunze kwa kuzoea. Semina yao haihitaji mfadhili. Inahitaji Jumamosi moja hadi saa sita mchana, paroko awepo na kitabu cha Sheria za Kanisa, fomu zote za parokia ziwe mezani, na kila mstari uulizwe umetoka katika kanuni gani.